Mkolani au Buhongwa: nondo ndiyo iliyoniamulia

Kwa miaka 11 tulikuwa wapangaji Mkuyuni, jijini Mwanza, na kila mara mwenye nyumba alipopandisha kodi, mume wangu alirudia maneno yaleyale kwamba mwakani tunahama. Mwakani hiyo ilipofika kweli, niligundua kwamba kuzipata fedha za kununua nyumba lilikuwa jambo jepesi kuliko kuwavumilia watu waliotaka kutusaidia kuzitumia. Shemeji yangu mmoja, ambaye hajawahi kununua hata banda la kuku, alituhimiza twende Luchelele, kando kabisa ya Ziwa Victoria, kwa kuwa eti thamani ya ufukwe haishuki. Nilimkumbusha kwa adabu zote kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na kwamba mwaka 2020 ziwa lilipofurika liliingia majumbani mwa watu bila kupiga hodi. Alinijibu, "Shemeji, wewe una woga sana." Basi tukamwachia Luchelele yake, tukabaki na Mkolani na Buhongwa, maeneo mawili yanayofuatana kwenye barabara ya kwenda Shinyanga.

Mume wangu alitaka Buhongwa tangu siku ya kwanza. Anaendesha lori la mizigo kati ya Mwanza na Geita, na kwa miaka mingi aliijua foleni ya kivuko cha Kigongo kuliko alivyozijua sura za watoto wake. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, alianza kuvuka kwa dakika chache, na kwa kuwa njia ya darajani inachepukia Usagara, Buhongwa ilimweka karibu zaidi na kazi yake. Mimi nina kibanda cha cherehani mjini, na kwangu Mkolani ilikuwa na faida ya kuwa vituo kadhaa karibu zaidi. Lakini nikisema kwamba nauli na umbali ndivyo vilivyonivuta Mkolani nitakuwa nadanganya. Kilichonivuta ni ziwa.

Dalali alinipeleka mwezi wa saba, jua likiwaka na vumbi limetulia, akanitoza elfu kumi ya usumbufu, kisha akanisimamisha kwenye baraza ya nyumba ya vyumba vitatu iliyokwisha kupigwa lipu na rangi. Mbele yangu mlima ulishuka hadi kwenye mabati ya watu, na baada ya mabati maji ya ghuba yakametameta. Upepo ulikuwa mwanana. Yule bwana alikuwa fundi wa kazi yake, kwa maana kila nilipotaka kugeuka alinionyesha kitu kingine kule ziwani, mara mtumbwi, mara ndege inayokwenda kutua, na nilikaa pale karibu saa nzima bila kutazama nyuma ya nyumba hata mara moja. Nyuma ya nyumba, ndugu msomaji, lilikuwepo jiwe lenye ukubwa wa daladala. Nililiona wakati wa kuondoka, nikajiambia kwamba huu ni mji wa mawe na kila mtu ana lake. Jioni ileile nilimshawishi mume wangu tukatoa kishika mkono cha laki tano.

Malipo yaliyobaki yalisubiri marejesho ya kikoba, na kusubiri huko ndiko kulikotuokoa. Mwezi wa kumi na moja mvua za vuli zilipokuwa zimekolea, nilifunga kibanda mapema nikaenda kuitazama nyumba yangu peke yangu. Kijana wa bodaboda alinifikisha mwisho wa lami, akautazama mlima, akaniambia, "Mama, hapo nikipanda na wewe, tutashuka bila pikipiki." Nikapanda kwa miguu. Njia niliyoikumbuka kuwa njia ilikuwa imegeuka mfereji, na kandambili yangu ya kushoto ilichukuliwa na maji ikatangulia kurudi barabarani. Nilipofika juu nikiwa na mguu mmoja mtupu, niliona maji yakibubujika kutoka chini ya lile jiwe na kupita mbele ya mlango wa jiko langu la baadaye kwa utulivu wa maji yanayoijua njia.

Mama wa nyumba ya jirani alinihurumia akaniita ndani, akanipa chai ya tangawizi na khanga ya kujifuta. Katika nusu saa ile alinieleza mambo ambayo dalali hakuyagusa kwa miezi minne. Maji ya bomba kule juu yalipatikana mara mbili kwa wiki, tena usiku wa manane. Gari la kunyonya majitaka halikuweza kupanda. Nilipomuuliza watu wanafanyaje shimo la choo likijaa, alisema wanachimba jingine wanapoweza. Nikauliza shimo la nyumba ile ninayoinunua lina kina gani. Alicheka kwa huruma. "Mwanangu, mafundi walikutana na mwamba kwenye futi nne, wakafunika."

Kati ya zile laki tano tulirudishiwa mbili, baada ya safari nyingi na maneno mengi. Zilizobaki huwa naziita karo.

Baada ya hapo nilikataa kuonyeshwa nyumba na mtu yeyote kabla sijaulizia kwa watu wanaobeba vitu. Muuza maji wa mkokoteni anaujua mtaa kuliko mwenyekiti wake, kwa sababu anaishi kwa shida za watu na bei yake haina unafiki. Kule juu Mkolani dumu la lita 20 lilifika shilingi 500. Watu wengi walinihakikishia kwamba tangu chanzo kipya cha maji cha Butimba, chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, kianze kazi, shida ya maji upande wetu imekwisha. Wasichokisema ni kwamba maji hayapandi mlima kwa hiari, na nyumba iliyo juu kuliko tangi linaloihudumia itaendelea kusikia habari zake kwa jirani. Katika mtaa mmoja wa Buhongwa nilimkuta mzee ameegemea mkokoteni mtupu. Nikamsalimia, nikamuuliza habari za biashara. "Mayu, biashara imekufa," alisema, "kila nyumba ina bomba." Nilimsikitikia usoni, moyoni nikapiga vigelegele.

Sasa nifike kwenye nondo, ambayo mume wangu huwasimulia madereva wenzake kana kwamba wazo lilikuwa lake. Fundi mmoja mzee aliyekuwa akijenga misingi aliniambia kwamba kwa Mwanza kiwanja kinatazamwa kuanzia chini. Nilinunua kipande cha nondo ya milimita 12, chenye urefu unaonifika begani, nikakichongesha ncha, nikawa natembea nacho pamoja na nyundo ndani ya mfuko wa cherehani. Madalali walinidhania mganga. Pale mlimani Mkolani, nilikorudi kwa ukaidi kuijaribu, ilitoa mlio wa kengele kabla ya kuzama hata shubiri moja. Kwenye pagale la kwanza nililoonyeshwa Buhongwa, bondeni, ilizama kama kijiko kwenye uji, nikaichomoa ikiwa imepakwa udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi pamoja na kuta za mtu. Dalali alisema udongo ni mzuri, hata mihogo inakubali. Nilimjibu kwamba sitafuti shamba, nikapitisha ukucha kwenye pembe ya dirisha, lipu mbichi ikabanduka na ufa ukatokea.

Pagale la tatu lilikuwa kwenye mwinuko mdogo, mtaa uleule wa mzee wa mkokoteni. Nondo ilikwenda taratibu kwenye moram, udongo wenye changarawe, pigo kwa pigo, ikapita futi tatu bila kugonga mwamba, na jirani alinionyesha shimo lake la futi kumi na mbili kwa fahari ya mtu anayeonyesha ng'ombe. Upekuzi wa hati tuliufanya ardhi, tukaandikisha majina yetu wote wawili, tukalipa milioni 30 na ushee, na umaliziaji ukala nyingine nyingi ambazo sitaki kuzijumlisha.

Tunaishi hapa sasa. Vumbi la magari linanilazimu kufua mapazia kila wiki, na dirishani naona tofali za jirani tu. Jumapili hupanda Mkolani kumsalimia yule mama wa chai, nikiwa na kilo moja ya sukari na, nakiri, hamu ya kulitazama ziwa. Safari iliyopita nilimkuta dalali wangu kwenye baraza ileile na wanandoa vijana, akiwaonyesha mtumbwi. Nilipokea shikamoo zao, nikamwomba yule binti ageuke nyuma.