Hadi Ijumaa: "by" au "until"?

Nikihariri barua za Kiingereza zilizoandikwa na wenzangu waliokulia katika Kiswahili, naona kwamba vihusishi vya wakati vinatusumbua hasa kwa sababu lugha yetu mara nyingi haivihitaji. Tunasema "nitafika Jumatatu", "tulikutana saa nne", "alizaliwa mwaka 1988", na hakuna anayeona pengo. Kiingereza kinadai "on Monday", "at ten o'clock" na "in 1988": "at" kwa saa, "on" kwa siku na tarehe, "in" kwa mwezi, mwaka na karne.

Hayo hukaririwa upesi. Yanayoponyoka ni madogo: "in the morning" lakini "at night", na asubuhi ikishatajwa pamoja na siku yake, siku ndiyo inayotawala, yaani "on Monday morning". Vilevile, penye "next", "last", "this" au "every" kihusishi huondoka, kwa hiyo "on next Monday", ninayokutana nayo karibu kila wiki, inatakiwa kuwa "next Monday" tu.

Ugumu wenyewe uko kwenye "hadi". Tunaambiwa "maombi yatapokelewa hadi Ijumaa", na pia "hadi Ijumaa taarifa iwe mezani kwangu", na msikilizaji haulizi kitu, ingawa upokeaji unaendelea siku zote hizo ilhali taarifa inawasilishwa mara moja tu. Kiingereza hutenganisha mambo hayo mawili: linaloendelea mpaka kikomo huchukua "until", na linalotakiwa kuwa limekamilika kikomo kikifika huchukua "by". Ndiyo maana "submit the report until Friday" humshangaza msomaji, kana kwamba anaagizwa kuiwasilisha taarifa ileile tena na tena.

Kosa hilo angalau huonekana; lisiloonekana ni baya zaidi. Anayeandika "I will be in the office until four" anaondoka saa kumi, na anayeandika "by four" atakuwa amefika saa kumi isipopita, kwa hiyo mgeni akikosea neno hilo moja atakuta mlango umefungwa. Ukanushi nao una mtego wake: "not ready until Friday" ni ahadi kwamba kazi itakuwa tayari Ijumaa, si kabla, ilhali "not ready by Friday" ni taarifa kwamba Ijumaa itafika kazi ikiwa bado.

Kuhusu "tangu", mwanzo wa jambo huchukua "since" na urefu wa muda huchukua "for", lakini kitenzi nacho hubadilika: "anafanya kazi hapa tangu 2015" ni "she has worked here since 2015", wala si "she is working".

Nimalizie na ahadi za simu. "I will call you in two hours" maana yake ni baada ya saa mbili kupita, na "within two hours" ni wakati wowote kabla hazijapita. "Ndani ya" yetu inatuvuta tuandike "in" mahali pa "within", na mteja anasubiri bure. Tena "baada ya saa mbili" yenyewe huweza kumaanisha muda wa saa mbili au saa mbili ya kwenye saa ya ukutani, na nadhani ndiyo sababu wengi wameng'ang'ania "masaa mawili" licha ya kukosolewa na walimu. Kabla ya kuchagua kihusishi, mwulize aliyekutuma alikusudia ipi.