Kiraka cha saa za Kiswahili kimeingia

Wete, Jumapili usiku. Kimeingia! Msimamizi wa mradi amekiunganisha kiraka changu, yaani badiliko nililoliandikia programu, kwenye tawi kuu (nakala rasmi ya programu) leo, mistari 38 pamoja na majaribio yake ya kukagua kama kinatoa majibu sahihi. Nilianza Februari na sasa ni Juni, kwa hiyo naandika yote kabla sijasahau nilikopita.

Kwa mliojiunga karibuni: programu yenyewe ni huria (yeyote anaweza kuisoma na kupendekeza badiliko), inakokotoa maji kujaa na kupwa kwa bandari nyingi duniani, na Zanzibar imo. Mama mdogo wangu analima mwani, na shamba la mwani hulifikii vizuri ila siku za bamvu, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji yakapwa hadi mbali. Nilimwekea programu ile simuni. Siku moja ikaonyesha maji yatapwa 10:20. Yeye akasoma saa kumi na dakika ishirini, akashuka pwani alasiri na kamba zake, akakuta bahari imejaa mpaka kwenye mikoko. Aliporudi aliniambia, "Mwanangu, saa yako hii yanidanganya."

Nilipopiga hesabu ndipo nikaona ubaya wa kosa hili. Saa yetu na saa ya kizungu zinaachana saa 6. Na kutoka maji kupwa hadi kujaa ni saa 6 na kama dakika 12, kwa sababu mzunguko mkuu unaoletwa na mwezi huchukua saa 12 na dakika 25. Basi anayesoma 10:20 kwa Kiswahili anaangukia upande wa pili kabisa: palipoandikwa kupwa yeye hukuta kujaa. Na kwetu maji ya bamvu hupanda na kushuka karibu mita 4. Mtu aliyeko mwambani na mtoto akikosea hivyo, ni hatari.

Kiraka changu cha kwanza nilikifanya kwa hamu tu. Nilitafsiri kila neno, nikaongeza saa za Kiswahili, nikabadilisha rangi za jedwali kwa kuwa juani hazisomeki, na nilipokuwa humo nikapanga upya mistari ya msimbo wa programu ambayo hata sikuiandika mimi. Mafaili 41. Nikatuma, nikangoja. Wiki 5 kimya. Niliumia, na nikaamini kwamba hawataki mtu wa nje.

Jibu lilipokuja lilikuwa la upole. Msimamizi alieleza kwamba kazi hii anaifanya usiku, baada ya ajira yake. Tatizo la mama mdogo alilielewa vizuri. Alichoshindwa ni kupitia mafaili 41 na kujua lipi limebadilishwa kwa sababu gani. Na mwakani kosa likitokea, mimi huenda nisiwepo, yeye ndiye atakayeulizwa. Hapo nilimwelewa. Anayepokea kiraka anapokea na ulezi wake.

Akaniomba nigawe: kiraka kimoja, badiliko moja. Ndiyo desturi ya kernel ya Linux (kiini cha mfumo huo wa kompyuta), ambako viraka hutumwa kwa barua pepe na kusomwa kimoja kimoja, na ndiko ilikotoka Git yenyewe mwaka 2005, Linus Torvalds alipohitaji chombo cha kuunganisha kazi za watu wengi. Rangi nikaziweka kando. Kupanga mistari nikakufuta kabisa. Tafsiri ikawa kiraka cha peke yake. Zikabaki saa.

Halafu akaniuliza swali lililonifikirisha siku mbili: je, kila anayechagua Kiswahili anataka saa hizi? Mimi mwenyewe tiketi ya boti naisoma 07:00 bila taabu, na nahodha mwenye majedwali ya bandari hataki ageuziwe. Kwa hiyo nikazitenga na lugha, zikawa chaguo kwenye mipangilio. Nakiri wazo lake lilikuwa bora kuliko langu.

Kanuni ni fupi: chukua saa, ongeza 6, gawa kwa 12, baki ndiyo saa ya Kiswahili. 10 na 6 ni 16, baki 4, yaani saa 4 asubuhi. Nilidhani nimemaliza. Akadai majaribio ya saa zote 24, nami nikayaandika kwa kinyongo kidogo, na jaribio la saba likaanguka: 06:00 ilitoa "saa 0". Baki likiwa sifuri lazima liwe 12. Kosa hilo lingewafikia wavuvi wa alfajiri kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwisho nikaongeza mstari wa sahihi kwenye maelezo ya kiraka, jina na anwani yangu, kuthibitisha kwamba nina haki ya kuitoa kazi hii kwa leseni ya mradi. Utaratibu huo nao ulianzia Linux, mwaka 2004.

Tafsiri bado inajadiliwa. Mchangiaji mwenzangu wa bara alipendekeza "mawimbi" kwa maji kujaa na kupwa. Nikamweleza kwamba wimbi ni jingine, huja na upepo, na kwamba pwani tuna maneno kamili: bamvu kwa maji makubwa, maji mafu kwa yale yasiyokwenda mbali. Amekubali bamvu. Kwenye "maji mafu" anahofia msomaji wa Dodoma atashtuka, kwa hiyo tumeweka maelezo mafupi chini ya neno. Sitalitoa.

Lililobaki ni usiku. 01:30 ni saa 7 na nusu usiku, lakini wa siku ipi? Kwetu siku hugeuka magharibi, na mtu akisema usiku wa Ijumaa huenda anakusudia ule wa kuamkia Ijumaa. Nimefungua tawi jipya, nitaandika "kuamkia" waziwazi.

Na jioni hii msimamizi ameniomba nipitie kiraka cha mgeni mmoja kutoka Ethiopia. Waethiopia nao huhesabu saa tangu kunapopambazuka, na ametumia chaguo langu kwa Kiamhari. Ametuma mafaili 3. Moja halina majaribio. Nimemwandikia kwanza kumshukuru, kisha nikamwomba ajaribu 06:00.