Kichwa Kimoja, Wasusi Watatu

Jumamosi nilimpeleka binti wa dada yangu kusukwa. Anaanza chuo mwezi ujao, na mama yake kaniachia kazi hiyo kwa kuwa mimi ndiye anti wa Nairobi. Tulikuwa hatujaingia hata Kenyatta Market vizuri, wasusi wakamvamia, huyu anashika mkono, yule anashika bega. "Mrembo, kuja! Masaa mawili umetoka."

Yalikuwa manne na nusu. Wanawake watatu kwenye kichwa kimoja: mmoja kushoto, mmoja kulia, wa tatu kisogoni, vidole vinakimbia huku midomo ikisema mengine kabisa, karo, mwenye nyumba, bei ya unga. Moshi wa nyama choma unaingia kutoka upande wa pili. Napapenda pale. Wapo wanaoniuliza eti mtetezi wa wanawake anasukaje rasta. Huwa nawajibu kwamba kichwa ni changu, basi.

Akapita mwanamke na beseni la krimu. Binti akaniangalia kwenye kioo. "Anti, hii inafanya mtu awe mweupe kidogo?"

Nikaanza mhadhara. Kwamba nyingine zina zebaki, kwamba zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, kisha huingia mwilini na kuharibu figo. Kwamba zimepigwa marufuku na bado zinapita hapa kwenye beseni. Msusi wa kushoto aliguna tu. Nikamaliza kwa kishindo: "Kwani nani alikuambia wewe ni mweusi sana?"

"Wewe."

Vidole vya kisogoni vilisimama kidogo, vikaendelea.

Krismasi, anasema. Nilishuka kwenye gari pale nyumbani, nikamtazama juu hadi chini, nikasema, "Ai, jua la huku limekuchoma! Na umenona!" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimesahau kabla sijamaliza soda.

Na ni mimi huyu ambaye tarehe 17 Novemba 2014 niliandamana kutoka Uhuru Park hadi Accra Road, baada ya mwanamke kuvuliwa nguo kwenye kituo cha matatu mchana kweupe, eti sketi yake ni fupi. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimeazima mini ya mwenzangu wa chumbani, inanibana hadi kupumua ni kazi. Wanaume kando ya barabara walitutukana matusi yote wanayoyajua. Kabla mwaka haujaisha, sheria ikapita: ukimvua mtu nguo kwa nguvu, kifungo kisichopungua miaka 10. Nilijivuna! Nilidhani wabaya wetu ni wale waliosimama pale stejini. Kwa anti mwenye soda mkononi hakuna kifungu.

Nilimwomba msamaha palepale, mbele ya wasusi. Akasema, "Sawa, anti," ile sawa yao ya siku hizi ambayo huwezi kujua ndani ina nini. Ncha za rasta zikachovywa kwenye maji moto, nikamshikia taulo mabegani, maji yakanimwagikia kiatuni.

Tukingoja matatu akajigeuza mbele ya kioo cha duka. "Zimenitoa?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza. "Wewe unazionaje?"

"Zinavuta," akasema, akijishika kisogo. "Sijui leo nitalalaje."