Aloysius Bertrand na weupe wa ukurasa

Mshairi wa Kifaransa Aloysius Bertrand aliacha maagizo kwa mpanga kurasa wa "Gaspard de la nuit", kitabu chake cha mashairi ya nathari, na hapo ndipo pa kuanzia kumsoma. Kanuni ya jumla ni moja: acha nafasi nyeupe kana kwamba maandishi ni ushairi. Kila kipande kina aya nne hadi saba, naye aliziita beti. Baina ya ubeti na ubeti alitaka nafasi pana.

Vina hakuna, mizani hakuna. Kinacholibeba shairi ni ule ukimya wa katikati. Ukizibana aya zote pamoja, unabaki na kisa kifupi kilichokatika ovyo, na msomaji anadhani mwandishi kashindwa kusimulia.

Chukua "Le Maçon". Mwashi Abraham Knupfer yuko juu kabisa ya kanisa, mwiko mkononi, anaimba. Anaona masanamu ya mawe yakitapika maji ya mvua, anaona ngome yenye umbo la nyota, anaona askari. Hakuna "kisha", hakuna "kwa hiyo". Jicho linaruka, na linarukia kwenye weupe. Ubeti wa mwisho unahama ghafla kwenda wakati uliopita: jioni aliona kwa mbali kijiji kilichochomwa na wanajeshi, kikiwaka kama nyota yenye mkia. Mtafsiri akiongeza viunganishi ili lugha iteleze, ameliua shairi. Akishikilia "-na-" ya wakati uliopo mpaka mwisho, kile kishindo kimepotea.

Bertrand mwenyewe hakukiona kitabu kikichapwa. Alizaliwa Ceva, Piedmont (Italia ya leo), mwaka 1807, akakulia Dijon, Ufaransa. Mwaka 1836 mchapishaji Eugène Renduel aliununua muswada, akaukalia. Kifua kikuu kilimuua Bertrand Paris, Aprili 1841, akiwa na miaka 34 tu. Rafiki yake mchongaji, David d'Angers, hakuiacha kazi ipotee, na mchapishaji Victor Pavie akaichapa katika mji wa Angers mwaka 1842, ikiwa na utangulizi wa mhakiki Sainte-Beuve. Wanunuzi walikuwa wa kuhesabika. Miaka mingi baadaye mshairi Baudelaire alikiri wazi kwamba kitabu hicho ndicho kilichomtia hamu ya kuandika mashairi yake ya nathari.

Wengi wanalijua jina la "Gaspard de la nuit" kupitia piano: mwaka 1908 mtunzi wa muziki Ravel alitunga "Ondine", "Le Gibet" na "Scarbo" kutokana na vipande vitatu. Kabla ya kusikiliza "Le Gibet", soma shairi lake. Linauliza tena na tena ni sauti gani hiyo inayosikika, na jibu linakuja mwishoni kabisa: ni kengele ya mji ulio mbali. Ravel anaipiga kengele hiyo tangu mwanzo, kwa noti ileile moja (B-flat), bila kuiachia.