Mauntingi za 300E: mtetemo ulikuwa umekaa kwenye braketi ya ekzosi

Umeisha. Mercedes-Benz 300E (bodi ya W124, injini M103, gia otomatiki) inaunguruma hapa Soweto, Mbeya, iko kwenye D, gia ya kwenda mbele, breki imekanyagwa, mizunguko kama 650 kwa dakika, na kioo cha kati cha kutazama nyuma kimetulia. Taa za bajaji iliyo nyuma zinaonekana kama taa. Wiki iliyopita zilikuwa michirizi.

Mauntingi mpya, yaani vikalio vya raba vinavyobeba injini, zina siku tisa ndani ya gari. Kuzifunga kulichukua mchana mmoja tu. Siku nyingine zote zimeliwa na mtetemo uliogoma kutoka.

Tuanze na zile za zamani zilizotolewa. Ya upande wa ekzosi imepasuka na kutema mafuta yake meusi juu ya krosmemba, chuma kilichokingama chini ya injini. Ukiisimamisha mezani pembeni ya mpya ni fupi kwa milimita 13. Mwenzake hajavuja ila amekaa chini kwa milimita 8. Hizi si raba kavu. Ndani kuna vyumba viwili vya mafuta na njia nyembamba kati yake, na ni yale mafuta yanaposukumana kupita pale ndipo mtetemo unamezwa. Yakishatoka, raba iliyobaki ni laini mno kubeba silinda sita, inalala, na chuma kinaongea na chuma hadi kwenye usukani. Joto la ekzosi linaharakisha kazi hiyo, kisha kupanda mlima Kitonga kwa gia ya chini kunamalizia. Bati la kukinga joto juu ya mauntingi halikuwekwa kwa urembo. Magari mengi yanayopita mikononi mwa mafundi huku hayana tena, lilitupwa kwa sababu linazuia spana. Hapa limerudishwa, limekatwa jipya kutoka bati la mabomba ya moshi.

Kununua: Lemförder au Corteco, basi. Za mtumba usiguse, raba inazeeka hata ikiwa imelala kwenye shelfu. Na kuna feki ambazo ni raba tupu ndani ya umbo lilelile. Ibane kidogo kwenye vaisi kisha iachie: yenye mafuta inarudi polepole, raba tupu inaruka palepale.

Bolti ya chini ndiyo inayovunja watu moyo. Ni M10 ya alenki namba 8 (ufunguo wa pembe sita unaoingia ndani ya kichwa cha bolti), inaingia kutoka chini kupitia tundu la krosmemba, na lile tundu linakusanya tope la barabara ya Tukuyu mpaka linakuwa saruji. Ukichomeka alenki juu ya tope, inashika nusu ya kina na kona zinalika mara moja. Chokonoa kwa bisibisi nyembamba, piga upepo, nyunyiza dawa ya kutu, lala nayo hadi kesho, chokonoa tena. Alenki igongwe kwa nyundo hadi isikike imefika chini kabisa, mlio unabadilika, ndipo uweke nguvu. Tumia alenki ya soketi ya nusu inchi na ekstensheni ndefu. Ile ya umbo la L inapinda na kula kichwa. Ncha ikichakaa, isage milimita 2 kwenye jiwe, unapata kona mpya. Moja ya hizi mbili ilikuwa imeshalika na fundi wa zamani. Ilitoka kwa Torx T50, ncha ya umbo la nyota, iliyogongwa ndani. Bolti zote mbili zimebadilishwa.

Bolti ya juu ina kichwa cha 17 au 16, inategemea ni ya kizazi gani. Inafikika.

Kuinua: gari kwenye stendi za chuma, tofali hapana, linapasuka bila taarifa. Jeki chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) na ubao wa inchi 2 katikati ili bati lisibonyee. Klipu za kava ya feni zitolewe kabla, kava irudishwe nyuma juu ya feni, la sivyo panga za feni zinapanda na injini na kava inapasuka. Sentimita 3 hadi 4 zinatosha. Mauntingi ina kipini kidogo cha kuipanga. Kisipokaa kwenye nafasi yake, inakaa imepinda na raba inaanza maisha ikiwa imesokotwa. Kagua kwa kidole, macho hayafiki.

Sasa ubishi wenyewe. Mpya ndani, kwenye N (gia huru) imetulia kabisa, ukiweka D kioo kinacheza. Plagi zimeangaliwa, silinda zote sita zinafanya kazi. Bolti zimelegezwa zote, injini ikawashwa ikatikisika yenyewe, zikakazwa upya: nafuu kidogo. Mauntingi ya giaboksi ikabadilishwa, nayo ilikuwa imebonyea, na ilipaswa kubadilishwa siku ya kwanza pamoja na za mbele, maana ukibadilisha mbili na kuiacha ya tatu injini inavutwa kwa nyuma. Nafuu nyingine. Kioo bado.

Kilichosema ukweli ni tofauti ya N na D. Kwenye D injini inajipinda kidogo upande mmoja. Kwa hiyo kuna kitu inakigusa ikijipinda. Mkono ukapitishwa chini, injini ikiwa ya baridi, kuanzia mbele kurudi nyuma, ukasimama kwenye braketi inayoshika bomba la ekzosi kwenye giaboksi. Haikuwa na mchezo hata wa unywele. Bomba lilikuwa limekazwa pale miaka yote injini ikiwa imelala chini, likazoea kimo hicho. Mauntingi mpya zimeipandisha injini milimita 13 upande mmoja na 8 mwingine. Bomba limebaki palepale, linavuta giaboksi, na kila pigo la injini linapita kwenye chuma moja kwa moja hadi kwenye bodi. Braketi ikalegezwa nusu mzunguko, injini ikawashwa, D. Kimya.

Utaratibu unaofuata ni huu na hauna njia ya mkato: braketi ya ekzosi ilegezwe kabla hata ya jeki kugusa sampu, na iwe kitu cha mwisho kabisa kukazwa, injini ikiwa ya moto, bomba likining'inia lenyewe kwenye raba zake za nyuma.

Mpango ulikuwa kufuata na dampa ya usukani. Imesubirishwa. Pale chini, taa ikimulika giaboksi, raba ya propela, ile inayounganisha giaboksi na shafti ya kwenda nyuma, imeonekana ina nyufa zinazozunguka matundu matatu kati ya sita, na moja inaingia hadi kwenye nyuzi. Hiyo haisubiri. Nati mpya za kujifunga zimeagizwa Dar pamoja na raba. Wakati wa kufungua inazungushwa nati tu, kichwa cha bolti kinashikwa kisizunguke ndani ya raba. Nati kubwa ya katikati ya propela nayo lazima ilegezwe ili shafti iteleze, na spana ya ukubwa huo haipo Mwanjelwa nzima. Fundi wa kuchomelea anaikata kutoka bati la milimita 6, kipimo kimechukuliwa kwa kalipa juu ya nati yenyewe. Inakuwa tayari Jumamosi.