Kulipwa kwa kusimama: siku yangu mbele ya picha ya Bonnat

Saa 11 alfajiri simu inalia, naizima kabla haijamwamsha mtoto. Chai ya rangi, soksi ndefu za kubana miguu (muulize mlinzi yeyote wa makumbusho, hizi ndizo silaha zetu), treni mbili hadi katikati ya Paris. Saa 2 na nusu nimeshavaa sare na kupewa redio ya upepo na namba ya chumba. Chumba kilekile. Jumba lenyewe sitalitaja, mkataba wangu bado naupenda.

Kwetu Tabora wanajua nafanya kazi "kwenye mapicha". Shangazi mmoja anaamini mimi ndiye ninayezichora, mwingine anaamini nafagia. Hapana. Mimi ni mlinzi wa ukumbi. Nasimama chumbani na kuangalia mikono ya watu. Uso wa mgeni unaweza kukudanganya, mkono hauwezi: ukianza kunyanyuka kuelekea kwenye picha, mimi nimeshapiga hatua mbili.

Saa 3 ni ukaguzi. Fremu, kamba za kuzuia watu, kipimo cha unyevu, naandika daftarini. Picha kubwa kuliko zote ukutani kwangu imechorwa na Léon Bonnat, mchoraji Mfaransa: bwana mmoja wa koti jeusi, wima, nyuma yake giza la kahawia kama ukuta wa jiko la kuni, mwanga wote umeangukia paji la uso na mikono. Pembeni kasaini "Ln Bonnat". Mimi na huyo bwana tumezoeana. Wote kazi yetu kusimama.

Saa 4 milango inafunguliwa. Choo kiko wapi? Monet yuko wapi? Mbele, kushoto. Asubuhi nzima ni hayo mawili, choo na mchoraji huyo. Bonnat wanampita kama duka lililofungwa, na hilo huniuma kidogo, kwa sababu zamani mambo yalikuwa kinyume. Alizaliwa Bayonne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mwaka 1833, akakulia kwa sehemu Madrid, ambako baba yake alikuwa na duka la vitabu. Huko ndiko alikojifunza kuchora na kuwapenda wachoraji wa Kihispania, Velázquez na Ribera, na giza lile la nyuma ya bwana wangu linatoka kwao. Miaka ya 1870 na 1880 wakubwa wa Ufaransa walipita mikononi mwake: Rais Thiers, mwandishi Victor Hugo mwaka 1879 kaegemeza kiwiko juu ya kitabu, mwanasayansi Pasteur mwaka 1886 na mjukuu wake. Wamarekani wenye fedha nao walimfuata. Rais wa kwanza wa Makumbusho ya Metropolitan ya New York alichorwa naye mwaka 1880. Caillebotte na Toulouse-Lautrec, wachoraji ambao watu wanakanyagana kuona kazi zao, walipita darasani kwake. Haya nimeyasoma mwenyewe, chumba cha kulia, kwa vitabu vya kuazima. Hayamo kwenye mshahara.

Saa 7 na nusu, wali na maharage ya jana, dakika ishirini na tano. Halafu ikaingia saa 8.

Alikuja mzee mmoja, kavaa kofia ya pama na kushika bakora, pamoja na binti yake na wajukuu wawili. Nilisikia Kiswahili kabla sijawaona, na moyo ukaruka, maana huku kinapita nadra. Mzee akasimama katikati ya chumba, akaninyooshea bakora.

"Na huyu dada analipwa asimame tu. Kutwa nzima! Kwetu hata mlingoti wa bendera unasimama, na hakuna anayeupa mshahara."

Binti akacheka, mkono mdomoni. Nikatazama mbele. Nikameza.

Mzee akamwendea Bonnat. Bakora ikapanda, ncha yake shibiri moja tu kutoka kwenye mkono wa yule bwana. "Hii wametudanganya. Hii ni ya kamera. Tazameni mishipa!"

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Naomba uishushe bakora."

Kimya. Kisha mjukuu mdogo akapiga kelele: "Babu, anajua Kiswahili!" Binti alikuwa anatafuta pa kujificha. Mzee akasema, "Marahaba, marahaba, mwanangu," na bakora ikabaki palepale hewani.

Nilidhani aibu itamwondoa. Thubutu! Alikivuta kiti changu cha kukunja, kile ninachokalia dakika kumi kwa saa, akakaa, akaanza kuuliza. Kwa nini nyuma giza? Ili macho yako yasiende kwingine, mzee. Sasa kama kamera zilikuwepo, alihangaika nini? Kamera inakuchukua mara moja, huyu alikuita uje, na urudi, na urudi tena. Huyu bwana alisimama muda gani? Mrefu. Na alilipwa? Hapana, mzee, yeye ndiye aliyelipa. Hilo likamfurahisha mno, akamtafsiria mjukuu kwa kirefu.

Halafu akataka apigwe picha. Bila mwanga, nikamwambia. Mwanga ukawaka. Akataka tena, safari hii kasimama kama yule bwana, na ili asimame vizuri akaiegemeza bakora kwenye kamba. Kamba na nguzo yake vikaanguka chini kwa kishindo, redio ikaanza kuniita, na nyuma yangu kijana mmoja alikuwa ameingia anatafuna biskuti. Nina macho mawili tu. Nilimfukuza wa biskuti kwa Kifaransa huku nikisimamisha nguzo kwa mkono mmoja na kuijibu redio kwa mwingine, na mzee ananiuliza kwa utulivu kabisa: "Amemchora nani ninayemjua mimi?"

"Kardinali Lavigerie," nikasema, kwa hasira kidogo.

Akaivua kofia. Ikawa yeye ni mzee wa kanisa, katika parokia iliyoanzishwa na Mapadri Weupe, shirika la wamisionari alilolianzisha Lavigerie, na jina hilo la Lavigerie analijua tangu katekisimu. Nikamwambia Lavigerie naye ni mtu wa Bayonne, mji mmoja na Bonnat. Kwamba alichorwa mwaka 1888, joho jekundu na ndevu nyeupe, mwaka uleule aliozunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya utumwa. Kwetu hakufika, alituma watu: msafara wao wa kwanza ulitoka Bagamoyo mwaka 1878 ukapitia Tabora.

"Picha hiyo iko wapi?"

"Versailles."

"Basi twende."

"Baba, ni saa 9," binti akasema. Wakaondoka wakibishana. Kuomba radhi hakuomba, ila mlangoni aligeuka, akaniinamishia kofia. Au alikuwa anaivaa tu, sijui.

Baada ya hapo saa sikuzifuata tena. Kuna darasa la watoto lilipita, kuna mama aliyelia mbele ya picha ndogo bila kusema kwa nini, nikamsogezea kiti. Visigino viliwaka moto, kisha vikafa ganzi, ambayo ni nafuu. Toka mlango hadi mlango ni hatua kumi na nne. Kufunga: wale wa "dakika moja tu" wapo kila siku. Nikamkagua bwana wangu kwa tochi, mkono, mishipa, koti, hana hata alama. Daftarini nikaandika: "Saa 8.40, kamba imeanguka, hakuna madhara."

Treni ya kurudi ilijaa. Kijana mmoja akaanza kunyanyuka, "Madame, karibu…" Nilikuwa nimeshakaa kabla hajamaliza.