Picha za protini bila dirisha

Nilipokuwa namalizia masomo ya kemia hapa Bukavu, mwalimu aliyesimamia kazi yangu alitaka picha mbili za DHFR, kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini) cha kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum. Ndicho kinachozuiwa na pyrimethamine, mojawapo ya dawa mbili zilizomo ndani ya kidonge cha malaria, Fansidar. Picha ya kwanza iwe ya kimeng'enya cha kawaida, ya pili ya kile kilichobadilika na kuishinda dawa. Mafaili yenye maumbo yote mawili yapo bure kwenye Protein Data Bank, hifadhi ya mtandaoni ya maumbo ya protini, kwa namba 1J3I na 1J3K. Kuyapakua hakukunisumbua. Kompyuta ndiyo ilikataa.

Ilikuwa ya kuazima, kuukuu, haina kadi ya michoro ya maana. Kila nilipofungua PyMOL, programu ya kuchora molekuli, dirisha lilitokea, likawa jeupe, kisha likajifunga lenyewe. Nikamwandikia yaya mmoja (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu) wa Kadutu aliyekuwa anasoma Nairobi. Akajibu kwa ufupi, kama kawaida yake:

"Mdogo wangu, dirisha la nini? Andika pymol -cq, halafu jina la faili yako ya amri."

Herufi c inaiambia programu isifungue dirisha lolote. Ile q inainyamazisha isitoe maneno yake ya kukaribisha. Na amri ya ray huchora kwa prosesa yenyewe, kwa hiyo kadi ya michoro haiulizwi kitu.

Nikaanza faili tupu ya maandishi: load, hide everything, show cartoon, yaani pakia, ficha vyote, onyesha protini kama utepe. Nafasi ya 108 kwenye mnyororo wa protini, ambapo asidi amino moja, serini, imeiachia nafasi nyingine, asparajini, nikaagiza ichorwe kwa vijiti vyekundu, maana ukaidi wa kimelea unaanzia hapo. Mwisho ray ya kuchora na png ya kuhifadhi picha.

Basi, kazi ikawa kuzungusha kitu usichokiona. Mwenye mausi huigeuza molekuli mpaka aridhike. Mimi niliandika turn y, 40, yaani geuza digrii 40 kwa mhimili wa y, nikabonyeza, nikangoja huku feni inalia, nikafungua picha. Vijiti vimejificha nyuma ya utepe. Nikaweka 90: sasa vinaonekana, lakini ncha moja ya protini imekatika. Nikageuza kidogo kwa x, nikarudi nyuma kwa zoom. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni na betri ilikuwa inashuka.

"Bado iko natumika, yaya?" mdogo wangu akauliza kutoka kitandani.

"Bado. Lala."

Lakini usiku huohuo nikaanza kuipenda njia hii. Pembe niliyoitafuta kwa jasho ilikuwa sasa namba ndani ya faili. Nikazilaza protini mbili moja juu ya nyingine kwa align, nikachora ya kwanza, nikaificha, nikachora ya pili: pembe ileile, umbali uleule. Mwenzangu mwenye kompyuta nzuri alikuwa analinganisha zake kwa jicho, na zilipishana. (Mimi ningefundisha, ningeanzia hapa, mausi ingekuja baadaye.)

Asubuhi nikashuka Ibanda kwenye sekretariati yenye printa ya rangi. Mwenye duka akaziangalia picha, akaguna.

"Hii nyeusi yote itanimalizia wino, kijana. Bei haiwezi kuwa ileile."

Alikuwa na haki: PyMOL usipoiambia kitu huweka usuli mweusi. Nikachomeka kompyuta kwenye jenereta yake, nikaongeza mstari mmoja, bg_color white, nikaita tena pymol -cq. Akainama kando yangu, anasubiri kitu kifunguke.

"Sasa programu iko wapi?"

"Ndiyo hii, papa. Inafanya kazi."

"Haya maandiko?"

Picha mbili nyeupe zikatokea kwenye folda. Akazichapa bila neno, akanihesabia bei ya rangi, kisha akaongeza faranga kidogo juu: mashini yangu, alisema, nayo imekula mafuta yake.